Shairi Langu Limeshinda, Lakini Wote Tumeshinda

Mwalimu, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41. Ninauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu, hasa makoti na sweta. Kwetu ni Butere. Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hadi alipostaafu, na ndiye aliyenifunza kuhesabu mizani ya shairi, yaani silabi zake, kwa vidole kabla sijajua kuhesabu hela. Shule niliiachia kidato cha tatu kwa sababu ambazo sitazieleza hapa. Mashairi sikuyaacha. Huyaandika usiku watoto wakishalala, kwenye kurasa za nyuma za daftari la biashara.

Mwezi wa tatu niliona tangazo katika kundi la WhatsApp. Shindano la ushairi la kimataifa, ada ya kuingia shilingi 300, mshindi wa kwanza atapata 10,000. Nikatuma shairi langu liitwalo "Robota". Ubeti wa kwanza ndio huu:

Robota nimelikata, kamba nimezifungua,
Koti la sufu kuvuta, mfuko nikapekua,
Karatasi nikaipata, ya mtu nisomjua,
Koti, nani kakuvaa, na kwa nini kakuvua?

Siku mbili baadaye nikapokea ujumbe wa pongezi. Nilikuwa miongoni mwa "malenga bora", na shairi langu lingeingia katika diwani ya washindi, mradi ninunue nakala zisizopungua mbili, kila moja 1,800. Mwalimu, nililia kwa furaha pale kibandani, hata mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nililipa. Cheti kilipokuja nilikipeleka Butere. Mzee akakitundika sebuleni, kando ya picha aliyopigwa siku ya kustaafu, na kila mgeni anayeingia huonyeshwa.

Kitabu kilipofika nilifungua ukurasa wangu moja kwa moja. Mshororo wa mwisho wamechapa "na kwa nini kakuvaa". Nilipowaandikia waliniambia marekebisho katika toleo lijalo ni shilingi 1,500. Nilihesabu majina ya washairi mle ndani: 214.

Lakini hata kabla ya kitabu hicho walikuwa wamenipigia simu. Kwamba majaji wamevutiwa sana, wanataka kunitolea diwani yangu mwenyewe. Gharama ni shilingi 68,000: kitabu, namba ya ISBN, nishani, na uzinduzi katika hoteli moja Nakuru. Mkataba walinitumia kwa simu. Unasema nitapewa nakala 30, nyingine watazisambaza wao "nchini na ng'ambo", na hakimiliki itakuwa yao "kwa muda wote wa hakimiliki". Nilijibu "nimekubali" kwa ujumbe, sijatia sahihi. Nimeshatuma 25,000 kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu. Zimebaki 43,000, na wanazitaka kabla mwezi kwisha, la sivyo nafasi wampe mwingine na nilizotoa hazirudi.

Jumapili ya pili ni zamu yangu katika chama chetu cha kuchangiana, nitapokea 45,000. Pesa hizo nilishamwambia mume wangu ni za karo ya binti yetu anayeingia gredi ya kumi Januari. Habari ya zile 25,000 hajui.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Waliniambia nikileta washairi wapya nitaitwa balozi. Nikawaleta wasichana wawili wa kwaya yetu kanisani. Wote wawili wameshinda. Mmoja aliniambia shairi lake aliliandika kwenye matatu akienda Kondele.

Mzee ana miaka 78, na mtoto wa jicho umemzuia kusoma. Cheti hukipapasa tu. Juzi alinishika mkono akasema, "Nataka nikishike kitabu chako kabla sijaenda." Nikiacha sasa, nitapoteza 25,000 na nitamvunja moyo mzee. Nikiendelea, karo itatoka wapi?

Na samahani kwa swali la kitoto, lakini je, lile shairi ni zuri?

Mshona Vina, Kisumu

*

Dada yangu Mshona Vina,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilianzia mstari wa mwisho. Umeniuliza kuhusu pesa, mzee, mume na wale wasichana. Kisha, kama mgeni aliyekwisha kuaga akakumbuka mwavuli wake, ukarudi mlangoni kuuliza kuhusu shairi. Uniruhusu nianzie hapo. Si swali la kitoto, na nahisi ndilo lililoyazaa mengine yote.

Nimelihesabu kwa vidole, kama baba alivyokufunza. Mshororo wa kwanza nane kwa nane, wa pili nane kwa nane. Wa tatu umeteleza: "Karatasi nikaipata" ni mizani tisa. Toa hiyo "i", ibaki "Karatasi nikapata", na mambo yatakaa sawa. Vina vya kati, "ta", umevishika vizuri hadi kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho, na pale umeviacha, jambo ambalo washairi wengi hulifanya. Kosa lako ni dogo, la mkono uliochoka usiku. Nimeketi mara nyingi meza ya majaji katika tamasha za muziki za shule, ambapo hata mtoto wa darasa la tano akikariri shairi huandikiwa karatasi ya maoni: hapa umepanda vizuri, hapa umekimbia. Jaji yeyote angekuonyesha ile mizani ya tisa. Waliokupongeza hawakuiona.

Sasa kituo chako. "Koti, nani kakuvaa, na kwa nini kakuvua?" Nilikisoma nikaiweka simu chini. Kati ya kuvaa na kuvua pametofautiana vokali moja tu, na ndani ya vokali hiyo umetia safari yote ya lile koti, kutoka mgongo wa mtu wa mbali hadi kamba ya kibanda chako. Herufi hiyo ndiyo shairi. Na ndiyo hiyohiyo waliyoiharibu, kisha wakakutaka 1,500 ili waitengeneze.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nakuomba ulisome polepole: hakuna aliyelisoma shairi lako. Hukushinda, na wala hukushindwa. Halijapimwa bado. Najua kinachokuuma, kwamba ukikubali shindano lilikuwa la mchezo utakuwa umekubali pia kwamba shairi lako ni la mchezo. Hayo ni mambo mawili, na hayana udugu. Nimesoma ubeti mmoja tu, siwezi kukupa hukumu ya diwani nzima. Ila aliyeandika kituo kile anajua anachokifanya.

Biashara hii, dada, ni ya zamani. Kule Maryland, Marekani, kulikuwa na kampuni iliyoendesha mashindano ya aina hii miaka ya themanini na tisini: tuma shairi, pokea barua ya pongezi, nunua diwani yenye shairi lako kwa takriban dola 50. Watu waliposhuku walianza kutuma upuuzi mtupu kwa makusudi, nao wakapongezwa vilevile. Upande wa vitabu, mwaka 2004 kundi la waandishi wa Marekani liliandika riwaya mbovu kwa makusudi. Sura moja ilitokea mara mbili, nyingine iliundwa na programu ya kompyuta, na nambari moja ya sura ikarukwa kabisa. Wakaipeleka kwa kampuni iliyokuwa ikijitangaza kuwa inachagua miswada kwa makini. Ikakubaliwa. Walipofichua siri mwanzoni mwa 2005, ndipo kampuni ikaghairi.

Wewe ni mfanyabiashara, utalielewa hili kuliko mimi. Mtu akikuuzia robota na kukuapia kwamba kila nguo humo ndani ni kamera, ile bora kabisa, hakuna fagia, ile duni, hata moja, wewe utamwamini? Tazama hesabu ya ile diwani. Washairi 214, kila mmoja nakala mbili kwa 1,800, ni shilingi 770,400. Bado hatujagusa ada za kuingia. Zawadi ni 10,000. Wanunuzi wa kitabu kile ni walewale walioandikwa ndani yake, na ndiyo maana kila aliyetuma hushinda. Ukimkataa mshairi umemkataa mteja.

Sikusudii kukwambia kwamba kila anayemdai mwandishi pesa ni tapeli. Yupo mwenye matbaa atakayekuchapia nakala zako kwa bei mliyopatana, akakukabidhi zote, na kitabu kikabaki mali yako. Huyo ni fundi, na kumlipa fundi si aibu. Wengi wamejichapishia hivyo na hawajuti. Yupo pia mchapishaji wa kawaida, anayetumia pesa zake mwenyewe kukihariri na kukitoa kitabu, kisha akampa mwandishi mrabaha kutokana na mauzo. Wanaokutia wasiwasi wamesimama katikati: wanakulipisha kama fundi, na wanabaki na mali kama mchapishaji.

Mkataba wako ndio ulionishtua zaidi. Nakala 30 kwa 68,000 ni zaidi ya shilingi 2,200 kila moja. Na hilo neno la hakimiliki "kwa muda wote", sijui kama walikueleza maana yake. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 baada ya kifo chake. Binti yako anayekwenda gredi ya kumi angeweza kuwa nyanya na bado asiwe na ruhusa ya kuchapisha shairi la mamake. Sheria hiyohiyo inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe wa maandishi yaliyotiwa sahihi. Hujatia sahihi, na nimefurahi kusikia hivyo. Hata ukiamua kuendelea nao, tafadhali usitie mpaka wakili au mtu wa Bodi ya Hakimiliki amekisoma kifungu hicho. Kumbuka pia shairi ni lako tangu ulipoliandika katika daftari, hata bila cheti cha mtu.

Kuhusu ISBN, isikutishe wala isikupumbaze. Hapa kwetu namba hizo hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, huanza na 978-9966 au 978-9914, na hata wewe mwenyewe unaweza kuiomba. Ni namba ya kukitambua kitabu, basi. Haisemi kimesomwa na nani.

Tuje kwenye pesa. Umeandika, "Nikiacha sasa, nitapoteza 25,000." Nisamehe nikuulize kwa upole: ukiendelea, zile 25,000 zitarudi? Zimekwisha kutoka mkononi, uendelee au uache. Ambazo bado hujazitoa ni zile 43,000, zitakazotoka katika pesa za chama za Jumapili ya pili, na hizo tayari zina jina la mtoto. Mara nyingi tunalipa mara ya pili ili tusione uchungu wa mara ya kwanza. Nami nimewahi kufanya hivyo kwa jambo jingine, kwa hiyo sikuhukumu.

Ukichagua kuendelea, nenda macho wazi. Waombe majina ya washairi watatu waliokwisha kutolewa diwani, uzungumze nao mwenyewe kwa simu. Uliza kitabu chao kimoja kinauzwa duka gani Kisumu au Nakuru, uingie humo ukiulizie kwenye kaunta. Kama hayo yote yatakuwepo, utakuwa umejua unachonunua. Hatari ni kwamba tarehe ya mwisho waliyokupa imewekwa ili usipate nafasi ya kuuliza. Mchapishaji anayelitaka shairi lako Oktoba atalitaka hata Februari.

Ukichagua kuacha, waandikie ujumbe mfupi wa heshima kwamba umejiondoa, hakimiliki hujaitoa, na unadai pesa zako. Hifadhi kila kitu: tangazo, mazungumzo, risiti za M-Pesa. Ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Kisumu ipo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukusudiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini sitakudanganya. Ukituma pesa kwa namba ya mtu, shida ya kwanza ni kumpata huyo mtu, na kila siku utakayokaa mahakamani kibanda kitakuwa kimefungwa. Wengine hupima wakaona amani yao ina bei kubwa kuliko 25,000. Wengine huona wasipodai, atakayefuata ataliwa pia. Sijui wewe uko upande gani, na sitakuchagulia.

Kuna njia nyingine, za polepole. Gazeti la Taifa Leo limekuwa likichapa mashairi ya wasomaji kwa miongo mingi, na ukurasa huo umewalea malenga wengi wa nchi hii. Ipo Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa ikijulikana zaidi kwa jina la Safal. Hupokea mswada wa diwani nzima, na pesa hutoka kwao kwenda kwa mshindi. Hatari ya njia hizi ni kimya. Utatuma na huenda usijibiwe, au ujibiwe hapana. Baada ya kupongezwa kwa siku mbili tu, kimya cha miezi sita kitakuuma. Lakini ikitokea siku jibu la "ndiyo" likaja, utajua kuna mtu aliyesoma.

Na mzee. Hapa nimekaa muda mrefu zaidi.

Unasema kitabu kisipotoka utamvunja moyo. Inawezekana, wewe ndiye unayemjua. Ila mwalimu mwenzangu huyu ameniingia moyoni, nami najiuliza anachosubiri hasa ni kitu gani. Alisema anataka akishike. Macho yake hayasomi, kwa hiyo cheti amekipapasa, lakini shairi lenyewe hujaniambia kama umewahi kumsomea. Nahisi bado, maana mzee aliyekufunza mizani kwa vidole vyako mwenyewe asingeiacha ile tisa ipite salama. Angekukatiza hapohapo. Na labda hilo lingekuwa na thamani kwake kuliko nishani ya Nakuru: mwanawe anamsomea, naye bado anaweza kusahihisha.

Akitaka cha kushika, kipo unachoweza kufanya. Mashairi yako 30 bora yapigwe chapa kwenye saiba, yale maduka ya kompyuta, yajalidiwe na kuwekewa jina lako juu. Nakala tano tu. Hicho si kitabu cha duka, lakini hakina kosa la mtu mwingine ndani yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu 1840, na diwani yake ilichapishwa 1940. Kwa miaka mia aliishi midomoni mwa watu na kwenye vikaratasi, na hakuna aliyesema hakuwa malenga. (Halafu, samahani kwa kuingilia, mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, si mbali na Butere. Kama hajapimwa, mpelekeni.)

Je, umwambie ukweli kuhusu cheti? Ukinyamaza, atafurahi, lakini wewe kila ukiingia ile sebule utageuza uso. Ukisema, atanyamaza kidogo, na pengine atalaumu nafsi yake kwa kuwaonyesha wageni. Kuna watu ambao uzee wao unastahili kuachiwa furaha ndogo, na kuna wazee ambao kitu kinachowaudhi kabisa ni kufichwa. Wako ni yupi?

Kwa mume wako nitasema kifupi. Zile 25,000 zitajulikana, na ni afadhali azisikie kwako kabla ya Jumapili ya pili kuliko azione Januari.

Wale wasichana wa kwaya wasingoje. Hukuwadanganya, uliwapa kile ulichokiamini. Lakini sasa unajua, na huenda wao pia wameshapigiwa simu ya diwani. Wakalishe chini baada ya mazoezi, uwaonyeshe ule mshororo ulioharibiwa, na uwaambie umelipa kiasi gani. Yule aliyeandika kwenye matatu, mwambie akuletee shairi lake ulihesabu. Kama wewe ulivyohesabiwa ukiwa mdogo.

Ukimaliza hayo yote, niandikie tena. Umeniletea ubeti mmoja tu, na tangu juzi najiuliza: ile karatasi mfukoni mwa koti, iliandikwa nini?

Wako,
Mwalimu